Ngeli Ubaoni na Ngeli Kinywani: Ufundishaji wa Kiswahili katika Shule za Msingi za Mbeya na Iringa

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikalithibitisha jambo hilo kwa maandishi. Mjadala wa kama Kiswahili kifundishwe au kisifundishwe ulikwisha zamani. Mjadala ambao haujakwisha, na ambao kwa hakika haujaanza sawasawa, ni wa namna kinavyofundishwa kwa mtoto ambaye hakuzaliwa nacho. Makala haya yanakusudia kuutazama mjadala huo kwa mifano ya mikoa ya Mbeya na Iringa. Nitashughulika hasa na somo la sarufi na istilahi zake, kwa kuwa hapo ndipo kazi yetu sisi watu wa istilahi inapokutana na kazi ya mwalimu, na kwa maoni yangu ndipo inapomchelewesha mara nyingi kuliko inavyomsaidia.

Mikoa hii inafaa kwa uchunguzi wa namna hiyo. Huko Rungwe, Busokelo na Kyela lugha ya nyumbani ni Kinyakyusa. Kuuzunguka mji wa Mbeya ni Kisafwa na Kimalila. Usangu ni Kisangu. Iringa ni nchi ya Kihehe, na kabla ya Mkoa wa Njombe kuanzishwa mwaka 2012 mkoa huo ulijumlisha Kibena na Kikinga pia. Mtoto wa mjini Mbeya au Mafinga hukua na Kiswahili mdomoni. Mwenzake wa kijijini hukisikia redioni, dukani, kanisani na kwa kaka zake waliokwisha kuanza shule, lakini akianguka na kuumia humwita mama yake kwa lugha nyingine. Mtoto huyu wa pili si mgeni wa Kiswahili, wala si mwenyeji wake. Vitabu vya sarufi havimjui. Vinamfundisha ama kama kwamba amezaliwa Mrima, ama kama kwamba amekuja juzi kutoka Ulaya na anahitaji jedwali.

Tuchukue ngeli, ambazo ndizo zinazomsumbua mwalimu kuliko sehemu nyingine yoyote ya sarufi. Mtindo uliozoeleka ni kuchora jedwali ubaoni: safu ya umoja, safu ya wingi, viambishi, mifano mitatu. Watoto hunakili, hukariri na hujibu. Baada ya hapo hutoka nje na kusema, "Ng'ombe yetu imepotea." Mwalimu husikitika na kulichora jedwali upya.

Jedwali hilo humfundisha mtoto jambo analolijua, na humficha jambo asilolijua. Mtoto wa Rungwe husema umundu kwa mtu mmoja na abandu kwa watu wengi. Husema umwana na abana. Husema abana batatu bila kufundishwa na yeyote. Kwake kitu ni ikindu na vitu ni ifindu, na vitu vitatu ni ifindu fitatu. Mtoto wa Iringa naye ana umwana na avana. Wote wawili wameingia darasa la kwanza wakiwa na ngeli kamili kinywani, tena nyingi kuliko za Kiswahili. Kumwambia mtoto huyo kwamba jina la kitu hubadilika mwanzoni mwake likiwa katika wingi, na kwamba maneno mengine hulifuata, ni kumfundisha samaki kuogelea. Kinachohitajika ni kumwonyesha kwamba fi- ya nyumbani ni vi- ya shuleni. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa kipindi kimoja cha mchezo, kwa vijiti, mawe na vikombe, bila ya neno "ngeli" kutajwa hata mara moja.

Penye tatizo la kweli ni pale lugha hizi zinapoachana. Katika Kiswahili sanifu viumbe wenye uhai hupewa upatanisho wa watu, hata kama umbo la jina lao ni la kundi jingine: ng'ombe wangu amepotea, kipofu amefika, kuku wale wamelala. Lugha za nyanda hizi, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, huufuata umbo la neno. Kwa hiyo mtoto anaposema "ng'ombe yetu imepotea" hajakosa kufikiri. Anafuata kanuni aliyorithi, tena anaifuata kwa uaminifu mkubwa. Mwalimu anayelijua hili atatumia juma zima katika jambo hilo moja: watoto wataigiza mnada wa ng'ombe, watauza na kununua, watalalamika kwamba ng'ombe aliyeuzwa ni kilema, na kila anayesema "imelala" badala ya "amelala" atalipa faini ya punje ya hindi. Mwalimu asiyelijua atalipa somo hilo dakika zilezile alizolipa KI-VI, ambalo halina shida.

Hapa ndipo niseme neno juu ya majina ya ngeli zenyewe. Vitabu vya zamani huziita kwa viambishi vya majina: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA. Vitabu vingine, na walimu wengi wa leo, huziita kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA. Wataalamu wamebishana vya kutosha na sina haja ya kuyarudia yote. Nasema tu kwamba kwa shule za Mbeya na Iringa mtindo wa pili ndio bora, kwa sababu unamweka ng'ombe mahali anapostahili na kumfanya mtoto asikilize kitenzi badala ya kulitazama jina. Hata hivyo, ubora huo hupotea mtoto akisoma mtindo mmoja katika darasa la nne na mwingine katika darasa la sita, kisha akatahiniwa kwa mtindo wa mtunga mtihani. Istilahi mbili kwa jambo moja ni anasa ya chuo kikuu. Katika shule ya msingi ni kodi anayotozwa mtoto.

Kodi hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jina huitwa pia nomino. Kihisishi ni kiingizi. Irabu ni vokali. Yambwa ni shamirisho, na wapo wanaoyatofautisha maneno hayo mawili kwa hoja nzuri, ila hoja hizo hazimhusu mtoto wa miaka kumi. Msomaji ambaye ni mfasiri atasema kwamba visawe ni utajiri. Ndivyo, katika fasihi. Lakini istilahi haikuundwa ili ipambe maneno. Iliundwa ili watu wawili waliokaa mbali waelewane bila kuulizana.

Tena zipo istilahi za sarufi ambazo ni kazi nzuri ajabu, na inafaa tujiulize kwa nini zimefaulu. Mfano bora ni majina ya kauli za vitenzi: kutendwa, kutendea, kutendesha, kutendana. Kila moja linafanya kile linachokitaja. Mtoto akilisikia neno "kutendesha" amekwisha kupata mfano wake, na anaweza kutoka hapo kwenda kwenye kupikisha na kulimisha bila kuhitaji maelezo. Jina "KI-VI" nalo lina sifa hiyohiyo. Linganisha na "shamirisho" au "chagizo", ambayo mtoto hawezi kuyafikia kwa sikio wala kwa kufikiri, bali kwa kukariri tu. Sisemi kwamba yaondolewe. Yana kazi yake sekondari na vyuoni. Nasema kwamba kipimo cha istilahi ya shule ya msingi kiwe hiki: je, neno lenyewe linamfundisha mtoto chochote kabla mwalimu hajalieleza?

Tuache istilahi kidogo tuingie katika mbinu, maana bila mbinu istilahi ni chaki tu.

Matamshi kwanza. Kinyakyusa na Kihehe havitofautishi l na r kama kinavyofanya Kiswahili, na walimu wengi hulipiga vita jambo hili kwa imla: mtoto huandika "kura" badala ya "kula", hupata mkasi, basi. Imla haiwezi kumfundisha mtu kusikia sauti asiyoisikia. Inaweza tu kumhesabia makosa. Mchezo waweza. Mwalimu husema "mahali" na watoto huonyesha kidole chini. Husema "mahari" na watoto huiga pembe za ng'ombe kichwani. Anayekosea huleta kicheko badala ya machozi, na sikio hunoleka.

Kisha vitendawili. Sijui chombo chochote cha kufundishia lugha kilicho rahisi na chenye nguvu kama hiki, na kila kabila la nyanda hizi linacho. Ukichunguza utaona kwamba kitendawili ni somo la sarufi lililofichwa. "Nyumba yangu haina mlango" ni ukanushi na upatanisho kwa pamoja. Aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega husimulia safari yake: nilikwenda Makambako, nikala, nikalala, nikarudi. Hapo watoto wametumia -li- na -ka- ya masimulizi mara nne bila kuambiwa kwamba wanajifunza nyakati, na wamepata jiografia juu yake.

Lakini vitendawili vinavyofundishwa shuleni ni vya nani? "Popoo mbili zavuka mto" ni kitendawili kizuri chenye sarufi ya kale ndani yake, na jibu lake ni macho. Ila mtoto wa Kilolo hajapata kuiona popoo, ambayo ni tunda la mti wa pwani, na huenda mwalimu wake pia hajaiona. "Kuku wangu katagia mibani" kinamtaka aijue -ka- ya pwani, ambayo vitabu vyake vya sarufi haviitaji. Basi mtoto hulikariri swali na jibu kama sala ya lugha ngeni, na kitendawili kinakufa, kwa kuwa uhai wake umo katika kukisia. Ingekuwa afadhali mwalimu awaagize watoto wakaulize vitendawili kwa bibi zao, wavilete kwa lugha ya nyumbani, kisha darasa zima livitafsiri kwa Kiswahili. Wabishane: je, tukisema hivi kitendawili bado kinaficha? Je, neno hili lina kiasi chake katika Kiswahili? Hilo ndilo somo la tafsiri hasa, na sioni kwa nini lingojee chuo kikuu.

Au wavitunge. Mtoto wa Mufindi aliyezungukwa na mashamba ya chai anaweza kusema, "Hunyolewa kila wiki, wala hazeeki." Hapo ana hu- ya mazoea na kauli ya kutendwa. Mtoto wa Iringa anayeujua mwanzi unaogemwa ulanzi anaweza kusema, "Namkata shingo jioni, asubuhi ananinywesha," na hiyo ndiyo kutendesha yenyewe. (Mwalimu mlokole huenda asipende mfano huu; ulanzi uliogemwa sasa hivi ni mtamu tu, haujaleta madhara.)

Kuna mfano mwingine ambao umekuwa ukinirudia. Juni na Julai, katika maeneo ya juu ya Mufindi na huko Kitulo, nyasi za asubuhi huwa nyeupe kwa baridi iliyoganda. Mtoto hulikanyaga jambo hilo kwa miguu yake akienda shule. Ukimwuliza kwa Kiswahili atasema ni barafu, au atatumia neno la kwao. Kamusi ina neno jalidi. Neno hilo limekaa kamusini kwa watu wa pwani, ambao hawana kitu chenyewe, na kitu kimekaa Mufindi kwa watoto ambao hawajapewa neno. Hakuna mtu aliyevikutanisha, maana vitabu vyetu vya kusomea hupenda mnazi na mashua, na mtoto wa nyanda za juu hufika darasa la saba akilijua dau kabla ya kuijua jalidi yake mwenyewe.

Juu ya ngonjera sina budi kusema kwa uangalifu, kwani wengi huzitaja mara tu wanaposikia habari za mbinu za ubunifu. Marehemu Mathias Mnyampala (1917–1969), aliyezipa ngonjera umaarufu wake nchini, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Alikipokea Kiswahili kutoka nje ya nyumba yao na akakitumia kuumba kitu kipya. Hilo peke yake latosha kuwa mfano kwa mtoto wa Kisafwa. Lakini ngonjera za shule zimegeuka kuwa salamu za wageni. Kiongozi anakuja, mwalimu anatunga usiku, watoto wanakariri siku tatu, wanapanga mstari na kukohoa pamoja. Hawajui nusu ya maneno wanayoyatamka, na hakuna anayewauliza. Ngonjera ni mabishano. Ikiwa watoto hawakubishana wakati wa kuitunga, basi walichopewa ni tamko tu. Darasa la sita likigawanywa pande mbili, upande wa mkulima wa mpunga wa Kyela na upande wa mkulima wa ndizi wa Tukuyu, na kila upande ukatunga ubeti wake wenyewe hata kama mizani haijatimia, watakuwa wamefanya kazi aliyoifanya Mnyampala.

Pengine si vibaya tukatazama nje kidogo. Nchi ya Ireland ilipojitawala mwaka 1922 iliifanya lugha yake ya asili kuwa somo la lazima katika shule za msingi, na mwaka 1968 ikaunda kamati ya istilahi, mwaka mmoja tu baada ya sisi kuunda Baraza. Kwa miaka mingi lugha hiyo ilifundishwa kwa sarufi na fimbo. Mtaala wa 1971 ulielekea kwenye mazungumzo na michezo, na ule wa 1999 ukazidisha. Hata hivyo, sensa ya 2022 ilionyesha watu wapatao milioni 1.87 wanaosema kwamba wanaiweza lugha hiyo, ilhali wanaoizungumza kila siku nje ya shule ni karibu 72,000. Hali yao si yetu: wao wanaifundisha lugha ya mababu kwa watoto wanaoishi katika Kiingereza, na sisi tunaifundisha lugha ya taifa kwa watoto ambao bado wana lugha za mababu. Kiswahili hakihitaji kuokolewa Mbeya. Soko, zahanati na mahakama vinakihitaji kila siku. Lakini tofauti ya takwimu zile mbili inaeleza jambo linalotuhusu, nalo ni kwamba shule inaweza kutoa watu wanaoijua lugha na wasiweze kufanya nayo kazi.

Na kazi ipo. Mkulima wa Kilolo aliyemaliza darasa la saba husoma "kiuatilifu" katika maandishi ya pembejeo na hajui kama ni kile anachokiita dawa ya wadudu. Ofisa humlaumu kwa kutosoma. Amesoma. Alifundishwa kwamba neno jipya ni kitu cha kukariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani alioufanya, hasa tangu usahihishaji wa mashine ulipoanza mwaka 2012, ulikuwa zaidi wa kuchagua herufi kuliko wa kuandika sentensi. Hakuna aliyemzoesha kulivunja neno na kulitafuta ndani yake: kuua, kiua, wadudu. Angezoeshwa hivyo kwa vitendawili angelivunja na hilo.

Yapo mapingamizi mawili ambayo yanastahili jibu. La kwanza ni la umoja wa taifa: kwamba kuiingiza lugha ya nyumbani darasani ni kufufua ukabila. Naliheshimu pingamizi hili, kwa kuwa walioliweka walijenga nchi. Lakini Sera ya Utamaduni ya 1997 ilikwisha kuzitambua lugha za jamii zetu kuwa hazina ya kukiendeleza Kiswahili, na istilahi zetu wenyewe ni ushahidi. Neno ngeli ni la Kihaya. Kitivo kilitoka Upareni. Ng'atuka ni la Kizanaki. Ikiwa wataalamu wa Dar es Salaam wanaruhusiwa kuchota katika visima hivyo, kumwadhibu mtoto wa Rungwe kwa kusema neno la kwao uwanjani ni kumnyima kisima kinachotunywesha sisi.

Hapa ningependa wenzangu wafikirie viambishi ka- na tu-. Watoto wa nyanda hizi husema "katoto" na "tutoto", kwa kuwa nyumbani wana akana na utwana. Shule husahihisha kuwa "kitoto" na "vitoto". Kwa wasemaji wengi wa bara ka- si dharau tu, ni udogo hasa, na lugha ya istilahi inahitaji sana namna ya kutaja vitu vidogo bila kuvichanganya na KI-VI ya kawaida. Sidhani kama jambo hilo limefungwa.

Pingamizi la pili ni la walimu, nalo ni zito zaidi: darasa lina watoto sabini, mwalimu ametoka Kagera au Mara na hajui Kinyakyusa, na mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umemletea vitabu vipya ambavyo bado anavizoea. Jibu langu ni kwamba katika mbinu nilizozitaja mwalimu hahitaji kuijua lugha ya watoto. Anahitaji kuuliza. Mwalimu wa Kihaya anayewaambia watoto wa Tukuyu, "Nifundisheni mnavyosema watoto watatu, nami niwafundishe Kiswahili chake," amewapa sababu ya kusema, na darasa la watoto sabini lenye sababu ya kusema ni jepesi kuliko la arobaini lisilo nayo. Tahajia za kuandikia lugha hizo zipo; huko Mbeya shirika la SIL limezifanyia kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiwemo Kisafwa, Kimalila na Kinyiha. Ukubwa wa darasa sitaugusa, maana hautatuliwi na istilahi.

Kwa upande wetu napendekeza jambo moja linalowezekana mwaka huu. Orodha yoyote ya istilahi za sarufi inayokusudiwa kwa shule za msingi, kabla haijapitishwa, isomwe kwa sauti mbele ya darasa la nne katika shule mbili za vijijini, moja ya Rungwe na moja ya Kilolo, na watoto waulizwe kila neno linawakumbusha nini. Majibu yao yaandikwe pembeni ya orodha, pamoja na yale yatakayotuchekesha, na kamati iketi nayo mezani.